Mdogo wangu ana usonji, wakaandika ni mwendawazimu

Mtoto wa miaka sita akipunga mikono na kurukaruka njiani, watu husema, "Mwacheni, mtoto huyo." Akishaota ndevu, mikono ileile ikipungwa, watu huokota mawe. Mdogo wangu ni yuleyule tangu alipoanza kutembea. Kimo ndicho kilichoongezeka, na sheria inayomsimamia ikawa nyingine bila sisi kuambiwa. Nawaandikia wenye kijana mwenye usonji (autism kwa Kiingereza, hali ya kuzaliwa nayo inayobadilisha namna mtu anavyozungumza na kuhusiana na wengine) au ulemavu wa akili, anayekaribia miaka 18, kwa sababu akishaivuka hiyo, sheria ya watoto hapa Kenya inamwachilia, na siku ya shida atakayokutana nayo ni sheria ya makosa ya jinai au sheria ya afya ya akili. Yetu ilikuwa zote mbili kwa pamoja.

Alizaliwa Amu, yaani Lamu, kwao baba, tukahamia Malindi akiwa bado ananyonya. Alichelewa kusema, na alipoanza, alianza kwa kurudia: tangazo la redio, adhana, majina yaliyoandikwa ubavuni mwa mabasi. Ukimuuliza, "Umekula?" hukujibu, "Umekula." Mama alizunguka naye kwa masharifu na waganga, akanyweshwa makombe (maji ya kuoshea aya zilizoandikwa), akaambiwa ni jini la baharini limemshika ulimi. Mwalimu wa kitengo cha watoto wenye mahitaji maalum ndiye wa kwanza kututajia usonji, akatuelekeza kwenye kituo cha serikali cha kupima watoto. Kule tulipata karatasi ya kumwingiza shule. Hospitali hatukwenda, wala hatukumsajili katika Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, maana alikuwa anakula na kulala nyumbani, na mtaa wote unamjua. Karatasi ile moja ya shule ndiyo baadaye ilitusaidia kuliko kitu chochote, na ilikuwa imehifadhiwa kwa bahati tu, ndani ya msahafu wa marehemu baba.

Kila alasiri huenda steji kutazama mabasi ya Lamu yakiingia. Siku moja mwaka 2023 lilisimama hapo gari la matangazo lenye spika kubwa. Sauti kali kwake ni maumivu: huziba masikio, akizidiwa hujipiga kichwa ukutani. Kijana mmoja, kwa nia njema, alimshika mkono amtulize. Mdogo wangu alimsukuma, yule kijana akaanguka kwenye ukingo wa saruji, akapasuka juu ya jicho. Mtu akapiga kelele, "Teja huyo!" yaani mla unga, na mwingine, "Mwizi!" Mnaoishi pwani yetu mnajua maneno hayo mawili yakitamkwa kwa pamoja yanaleta nini. Askari waliokuwa doria ndio waliomtoa mikononi mwa watu. Nataka hilo liandikwe kabla sijasema lingine lolote.

Tulipofika kituoni, shauri lilikuwa limeshaingizwa kwenye kitabu cha matukio: amejeruhi mtu, na ni mwendawazimu. Afande wa zamu alikuwa mpole. Alimwambia mama, "Mama, huyu si wa kulala seli. Apelekwe hospitali ya akili, mambo mengine yatafuata." Tulimshukuru. Kwake alikuwa anafuata sheria anayoijua, maana Sheria ya Afya ya Akili inampa polisi uwezo wa kumchukua mtu anayemwona ana ugonjwa wa akili na ni hatari kwa nafsi yake au kwa wengine, kisha amfikishe hospitali ndani ya saa 24. Kwetu sisi, hospitali ilisikika kama huruma na seli kama adhabu. Mama yeyote angechagua hospitali.

Hapa ndipo ninapotaka msome polepole. Ile sheria, iliyopitishwa 1989 na kufanyiwa marekebisho makubwa 2022, imewekwa kwa ajili ya ugonjwa. Tafsiri yake ya mtu mwenye ugonjwa wa akili inamtaja aliyeathiriwa na pombe na dawa za kulevya, inamtaja mwenye mawazo ya kujiua. Usonji haiutaji. Ulemavu wa akili wa kuzaliwa nao haiutaji. Haisemi hawa wamo, wala haisemi hawamo. Basi anayeamua ni yule anayeshika kalamu saa ile, awe askari, karani wa mapokezi au daktari aliyechoka. Na kijana asiyeweza kujieleza, anayejipiga na kurudiarudia maneno, machoni pa asiyemjua anafanana sana na mgonjwa.

Kwa hivyo kituoni usiseme "ana matatizo ya akili," ingawa ndivyo sote tunavyosema mitaani. Sema, "Ana ulemavu tangu kuzaliwa, unaitwa usonji," na uombe yaandikwe hivyo hivyo. Chukua namba ya OB, yaani ya kile kitabu cha matukio. Uliza kama ameshtakiwa au la. Omba dhamana ya polisi, ambayo haina malipo. Fedha ukiombwa, iwe ni dhamana ya fedha yenye risiti. Ukiwa na karatasi yoyote inayoonyesha ulemavu wake, waachie nakala, ile asili urudi nayo nyumbani.

Hospitalini, nje ya mji wetu, ami yetu alipewa fomu. Ilikuwa ombi la jamaa la kumlaza mgonjwa bila hiari yake. Alitia sahihi akidhani ni ya mapokezi, kama zile za hospitali yoyote. Mahali palipoulizwa ugonjwa ulianza lini aliandika tarehe ya juzi yake, siku ya steji. Sahihi ile na tarehe ile vilimgeuza mdogo wangu kuwa mtu aliyekuwa mzima kisha ghafla akapata wazimu.

Wodi ilikuwa ya wanaume wazima, taa haizimwi, mtu mmoja analia usiku kucha. Mdogo wangu hula vitu vikavu tu, chapati bila mchuzi, wali mweupe, mkate wa mofa tukiletewa kutoka Amu. Kule chakula chote huja kimemwagiwa maharagwe. Hakula. Akajiuma mikono. Akadungwa sindano. Daktari alimkuta akirudia tangazo la sabuni kwa sauti ya mtangazaji, akaandika kwamba anazungumza na watu wasioonekana, na chini yake: skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie au aone yasiyokuwapo.

Alipewa haloperidol, dawa ya ugonjwa huo. Tuliporuhusiwa kumwona shingo yake ilikuwa imepinda upande mmoja, mate yanamtoka, anatembea kama mzee aliyepooza. Mama alidhani amepatwa na kiharusi, akakaa chini sakafuni. Baadaye nilielewa kwamba kukakamaa kwa misuli ni athari inayojulikana ya dawa hiyo, na ipo dawa nyingine ya kuipunguza, ile watu wa wodini wanayoiita Artane. Hakuna aliyekuwa ametueleza. Ukimwona mtu wako amekakamaa, mwite muuguzi saa ileile na uulize amepewa nini, kiasi gani, na nini cha kuondoa athari hiyo. Andika jina la kila dawa. Na usimwachishe dawa kwa ghafla kwa uamuzi wako, hata kama una hasira. Ipunguzwe na daktari.

Nauli ya Malindi hadi Mombasa ilikuwa kati ya shilingi 400 na 500 kwa mtu mmoja kwenda tu, na tulikuwa tukienda wawili, kwa sababu mama hakuweza kuachwa peke yake akarudi na picha ile kichwani. Ongeza chakula tunachompelekea, vipimo, na kazi niliyokuwa naikosa. Chama chetu cha akina mama kilitukopesha. Deni lake lilichukua zaidi ya mwaka kumalizika.

Aliyetuokoa ni sista mmoja, muuguzi wa zamu ya mchana. Alimuuliza mama swali ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza: "Mama, alipokuwa mtoto alikuwaje?" Mama akaanza kusimulia, akapitiliza, akafika hadi jinsi alivyokuwa akipanga makopo ya maziwa mstari mmoja toka mlangoni hadi uani. Yule sista akaweka kalamu chini, akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akatueleza kwamba skizofrenia kwa kawaida humjia kijana au mtu mzima aliyekuwa sawa, akabadilika. Usonji huonekana mapema, mara nyingi kabla ya miaka mitatu. Na anayerudia maneno aliyoyasikia redioni anaweza kuwa anajituliza nayo, au ndiyo njia yake ya kusema. Nilimpa ile karatasi ya shule. Aliiambatanisha kwenye faili na kumwomba daktari bingwa wa magonjwa ya akili kwa watoto na vijana amwone.

Kwa hiyo nawasihi: hadithi ya utoto iandikeni leo, ukurasa mmoja. Alikaa lini, alisema lini, anaogopa nini, anakula nini, akizidiwa hufanyaje na ni nini humtuliza. Mama ndiye anayeyajua hayo yote, na siku ya shida mama ndiye anayelia asiweze kuyasema.

Bingwa yule aliandika usonji pamoja na ulemavu wa akili wa kiasi. Sheria inampa jamaa nafasi ya kumwandikia msimamizi wa hospitali akiomba mgonjwa akabidhiwe chini ya uangalizi wake. Niliandika barua hiyo kwa mkono, nikabaki na nakala iliyogongwa muhuri. Ndivyo alivyotoka.

Sitaki mtu asome haya akaanza kuwaogopa madaktari wa akili. Mwenye usonji anaweza pia kupata huzuni kubwa, wasiwasi au kifafa, na akiumwa ana haki ya kutibiwa kama yeyote. Ninachopinga ni kulazwa na kudungwa kwa sababu ya namna Mungu alivyomuumba. Nchi kama New Zealand iliweka kwenye sheria yake ya mwaka 1992 kwamba mtu asilazimishwe matibabu ya akili kwa sababu ya ulemavu wa akili peke yake. Kenya iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2008, na kifungu chake cha 14 kinasema kuwepo kwa ulemavu kusiwe sababu ya kumnyima mtu uhuru wake. Wabunge walipoifungua Sheria ya Afya ya Akili mwaka 2022 wangeweza kuweka sentensi moja ya namna hiyo. Hawakuweka, na naamini ni wajibu wetu sisi wenye watoto hawa kuidai.

Tulidhani tumemaliza. Kumbe kesi ya kujeruhi ilikuwa hai.

Mahakamani karani alisoma mashtaka kwa Kiswahili, kisha akauliza kama kawaida: "Ni kweli ama si kweli?" Mdogo wangu akajibu, "Si kweli." Ikaandikwa amekana. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma na jasho linanitoka, kwa sababu najua anavyojibu: huchukua maneno ya mwisho. Lau karani angeuliza kinyume chake, "Si kweli ama ni kweli?" mdogo wangu angekuwa amekiri kosa mbele ya hakimu.

Tulipata wakili aliyekubali kulipwa kidogo kidogo. Alituonya kuhusu kifungu cha 167 cha Sheria ya Utaratibu wa Jinai. Hicho kinamhusu mshtakiwa ambaye si mwendawazimu lakini hawezi kuelewa kesi inavyoendelea, yaani mtu kama huyu wetu hasa. Kinavyosomeka, ushahidi ukimwelemea, hafungwi kwa muda unaojulikana. Anazuiliwa kwa ridhaa ya Rais, bila tarehe ya kutoka. Mwizi wa kuku anajua siku yake ya kutoka, huyu hajui. Mahakama Kuu kule Meru mwaka 2016 ilikipinga kifungu hicho ikisema kinabagua, na majaji wengine nao wamekemea utaratibu huo wa ridhaa ya Rais. Hata hivyo wakili alisema tusikae tukitegemea hakimu wa ngazi ya chini atayakumbuka hayo. Tuyataje wenyewe, mapema.

Alifanya mambo mawili. Kwanza aliwasilisha ripoti ya bingwa na kuomba mpatanishi wa mawasiliano, kwa mujibu wa ibara ya 50(7) ya Katiba, inayoiruhusu mahakama kumkubalia mshtakiwa au mlalamishi mtu wa kumsaidia kuelewana na mahakama. Niliteuliwa mimi, dada yake. Ukipewa kazi hiyo kumbuka huruhusiwi kumjibia. Nilikuwa nikiyavunja maswali vipandevipande, namwonyesha picha, nasubiri. Hakimu alisubiri nami, na ninamheshimu kwa hilo.

Pili, alizungumza na kiongozi wa mashtaka. Wazee wa mtaa walikuwa wameshakaa na familia ya kijana aliyeumia. Tulilipa matibabu yake, na mama yake aliposikia mdogo wangu yukoje alisema hana haja ya kesi. Mashtaka yaliondolewa chini ya kifungu cha 87(a) cha sheria ileile ya utaratibu wa jinai. Muulize wakili wako maana yake, kwa sababu wengi hutoka wakisherehekea: kuondolewa kwa namna hiyo si kuachiliwa huru moja kwa moja, na mashtaka yanaweza kurudishwa. Omba nakala ya uamuzi, iweke mahali pamoja na zile nyingine. Asiye na uwezo wa wakili aanze na Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa na sheria ya 2016.

Kisha ndipo tukafanya kilichopaswa kufanywa zamani. Kadi ya ulemavu huanzia hospitali ya serikali yenye jopo la kupima, wakajaza ripoti, ikathibitishwa, ukaingizwa kwenye sajili ya Baraza. Njia ni ndefu na utaambiwa njoo wiki ijayo, lakini fuatilia. Hakikisha aina ya ulemavu imeandikwa sawasawa. Karani mmoja alitaka kutujazia "ugonjwa wa akili" kwa kuwa, alivyosema, ni kitu kimoja. Tulikataa kuondoka dirishani mpaka alipobadilisha. Kitambulisho cha taifa nacho kichukuliwe mara tu akifika miaka 18, hasa ninyi mnaosafiri barabara ya Lamu, ambako basi husimamishwa vizuizini na kila mtu anaulizwa chake. Kijana asiyemwangalia askari machoni, hajibu swali, na hana kitambulisho, katika barabara ile anaonekana mtu wa kutiliwa shaka.

Lililoniuma kuliko yote lilitoka nyumbani. Baba aliacha sehemu ya nyumba Amu. Ulipofika wakati wa kugawa, ami yuleyule aliyetia sahihi alipeleka kwa Kadhi nakala ya karatasi ya hospitali, ile ya kwanza yenye skizofrenia, akisema mtu huyu hana akili, fungu lake lishikwe na wazee. Sidhani alikuwa na nia ya kula mali ya yatima. Aliona karatasi ya serikali, akaiamini. Kadhi alieleza kwamba upungufu wa akili haumzuii mtu kurithi: fungu ni lake kamili, na anayelisimamia ni mwangalizi tu, anayeulizwa kila shilingi. Tulitoa ripoti ya bingwa. Mama na mimi ndio tunaoangalia kodi ya chumba chake.

Watu walitushauri twende Mahakama Kuu akawekewe mlezi kisheria, mambo yaishe. Wakili alitutaka tufikiri kwanza. Ukiomba mtu mzima atangazwe hana akili timamu, tangazo hilo haliishii kwenye nyumba moja ya Amu. Ibara ya 83 ya Katiba inamnyima kura aliyetangazwa hivyo. Mkataba ule wa kimataifa, kifungu cha 12, unataka mtu asaidiwe kuamua badala ya kuamuliwa. Zipo familia ambazo hazina njia nyingine, zenye mali kubwa au mgogoro mkali, nami siwahukumu. Kwetu sisi, kwa kodi ya chumba kimoja, tuliona bei ni kubwa mno.

Sasa mdogo wangu amerudi steji, baada ya miezi mingi ya kukataa kutoka nje. Anavaa kadi shingoni, na nyuma yake tumeandika: "Nina usonji. Usinishike. Zima kelele. Mpigie dada," na namba yangu. Nakala nimempa mwenyekiti wa madereva wa steji, imamu wa msikiti wa karibu, na OCS, mkuu wa kituo cha polisi, ambaye alinisikiliza vizuri na kuwaita askari wake wamwone mdogo wangu uso kwa uso.

Faili la hospitali bado lina lile neno. Tumeandika kuomba lirekebishwe, barua yetu imepokelewa na kugongwa muhuri, na hadi watakapojibu tunaiambatanisha pamoja na ripoti ya bingwa kila mahali tunapoitwa.